Mzigo wa komponenti umeshikwa ama ushuru umeruka? Tafuta shida iko wapi kabla hujalipa

Naandika hii juu karibu kila wiki kuna mtu ananionyesha simu yake hapa Luthuli Avenue, Nairobi, kwa simu kuna hesabu imetumwa na ajenti wa klering, yule anayekutolea mzigo forodha, na swali ni lile lile, mbona ushuru umekuwa hivi na mara ya mwisho haukuwa hivi? Mzigo ni kama ule wa juzi, kapasita, IC (chipu), rilei, moduli mbili tatu za sensa, umetoka Shenzhen kwa muuzaji yule yule, umeshuka JKIA kwa ndege. Nikiomba invoisi, mara nyingi naona ugonjwa hapo hapo kabla hata sijafungua kitabu cha ushuru: mstari mmoja tu, "spea za elektroniki", vipande 3,000, bei moja ya jumla. Sasa ofisa wa forodha atajuaje hapo ndani kuna nini? Na ajenti naye ana entri 40, yaani fomu za kutangaza mzigo kwa forodha, za kupiga siku hiyo, ataweka namba anayoikumbuka.

Mimi huleta komponenti za karakana yetu, tunatengeneza bodi na kurepea inverta, na hii mambo ya namba za HS (namba za forodha za kupanga bidhaa) nilijifunza kwa kulipa pesa ambazo sikufaa kulipa. Kitu kimoja ndicho kimenisaidia kuliko vyote na utakiona kikirudi kwa kila dalili hapa chini: namba inafuata kitu chenyewe ni nini siku kinapoingia nchini. Haifuati unaenda kukifanyia nini, haifuati jina ambalo muuzaji amekipa kwa tangazo lake, na kabisa haifuati asilimia unayoipenda.

Namba inasomwa aje

HS ni mfumo wa Shirika la Forodha Duniani, ulianza kutumika 1988, na tarakimu sita za kwanza ni moja kwa nchi zote zinazoufuata. Chukua LED moja ndogo ya miguu miwili. 85 ni sura ya vifaa vya umeme, 8541 ni kichwa cha dayodi, transista na jamaa zao, 8541.41 ni kichwa kidogo cha LED. Afrika Mashariki tunaongeza tarakimu mbili mwisho zinakuwa nane, na hapo kwa nane ndipo asilimia inapoandikwa kwenye kitabu cha ushuru wa pamoja wa EAC. Bendi za ushuru ni asilimia 0, 10, 25, na tangu Julai 2022 kuna ya 35, ukiacha bidhaa nyeti chache zenye viwango vyake.

Uone uzito wake. Mzigo wa thamani ya forodha ya shilingi 100,000, ukienda kwa bendi ya 0 unalipa VAT ya asilimia 16 ambayo ni 16,000. Ukienda kwa 25 unalipa ushuru 25,000 halafu VAT inapigwa juu ya 125,000, inakuwa 20,000, kwa hivyo umeongeza 29,000 kwa sababu ya namba tu. IDF (ada ya tamko la kuagiza) na ada ya reli sizihesabu hapa kwa vile zipo hata ushuru ukiwa sufuri.

Dalili: mzigo wote umepigwa kwa asilimia moja, na ni ile ya juu

Hii ndio inanijia zaidi. Sababu yake karibu kila mara ni invoisi ya mstari mmoja. Ofisa akipata vitu vya vichwa tofauti vimewekwa pamoja bila bei ya kila kimoja hana njia ya kugawa thamani, na hata akitaka kukusaidia hawezi kubuni bei. Kwa hivyo anachukua kile kinachoonekana zaidi ama kile chenye ushuru mkubwa, anapiga mzigo wote hapo.

Jinsi ya kuthibitisha: fungua entri yako uhesabu mistari. Kama uliagiza aina 25 za vitu na entri ina mstari mmoja, umepata jibu. Dawa ni kumwomba muuzaji invoisi mpya yenye mstari kwa kila aina, idadi na bei yake, pamoja na pakingi listi inayolingana nayo, halafu ajenti aombe kurekebisha entri kabla haijalipiwa. Ikishalipiwa bado kuna njia ya kuomba kurudishiwa, sheria ya forodha ya EAC ya 2004 inakupa miezi 12 tangu siku uliyolipa, lakini ni safari ndefu na pesa zako zitakuwa zimekaa huko. Fanya kabla.

Ubaya mwingine unajificha hapa: rafiki yangu mmoja alikuwa na invoisi nzuri kabisa ya mistari 18, ajenti akaifupisha ikawa mistari miwili ili entri iishe haraka. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anakimbizana na siku za stoo. Ndio maana nasema omba drafti ya entri uisome wewe mwenyewe kabla haijatumwa. Haichukui dakika kumi.

Dalili: mfumo unakataa namba uliyopewa

Kuna sababu mbili na ni rahisi kuzitofautisha. Ya kwanza, namba ina tarakimu nyingi. Uchina wanatumia kumi, kwa hivyo muuzaji akikutumia namba ya tarakimu kumi hizo nne za mwisho ni za kwao, hapa hazina kazi. Chukua sita za kwanza uende nazo kwa kitabu cha EAC utafute nane zetu. Na hata hizo sita usizimeze hivi hivi, muuzaji alichagua namba ya kumsaidia yeye kusafirisha nje, na kosa lake halitamfuata huko, litakufuata wewe mwenye PIN ya kodi.

Ya pili, namba ni ya zamani. HS hufanyiwa marekebisho kila baada ya miaka kama mitano hivi, na ya 2022 iligusa elektroniki sana. 8541.40 ambayo watu walizoea kwa LED na paneli za sola pamoja ilivunjwa: LED zikaenda 8541.41, seli za sola ambazo hazijaunganishwa 8541.42, paneli zilizokamilika 8541.43. Simu janja ilitoka 8517.12 ikapata yake 8517.13. Spea za simu zilizokuwa 8517.70 zikagawanywa, antena 8517.71 na zingine 8517.79. Balbu za LED zilizokuwa 8539.50 sasa ni 8539.52, moduli za LED 8539.51. Droni zikapata kichwa chao wenyewe, 8806. Kwa hivyo kama ajenti anakopi namba kwa entri ya 2019, mfumo utaikataa, ama vibaya zaidi, atalazimisha iliyo karibu na hiyo ili ipite.

Dalili: umeambiwa "hii ni spea ya simu" na wewe unajua ni betri

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wa Luthuli na River Road wanaumia sana, na pia ndipo watu wanajiumiza wenyewe wakidhani wamepata ujanja.

Sehemu ya XVI ya HS ndiyo inabeba sura ya 84 na 85, na ina maelezo yake mwanzoni kabisa ambayo wengi hawasomi. Maelezo namba 2 yanaeleza spea zinapangwa aje, na mpangilio una hatua. Hatua ya kwanza: kama hicho kitu chenyewe kina kichwa chake ndani ya 84 ama 85, kinaenda kwa kichwa chake, hata kama kimetengenezwa kwa ajili ya mashine moja tu duniani. Hatua ya pili, kama hakina kichwa chake na kinatumika peke yake ama hasa kwa mashine fulani, ndio kinafuata mashine hiyo. Hatua ya tatu ni mabaki, kwa umeme yanaishia 8548.

Watu wanaanzia hatua ya pili. Wanasema betri ya simu ni spea ya simu. Hapana. Betri za kuchaji zina kichwa chao, 8507, na za lithiamu-ioni ni 8507.60, kwa hivyo betri ya simu, ya laptopu, ya boda ya umeme, seli za 18650 za kutengeneza paki, zote ziko hapo. Pawabanki pia. Nimeona pawabanki zikiandikwa chaja, na chaja ni 8504.40, kitu kingine kabisa, chaja inabadilisha umeme lakini haiuweki. Kebo ya USB yenye vichwa vyake ni 8544.42. Hizo waya fupi za kuchomeka kwa bredibodi pia ni 8544.42, zina vichwa tayari. Feni ndogo ya kupoza kompyuta ni 8414, hiyo ni sura ya 84, ina kichwa chake, sio spea ya kompyuta. Rilei ni 8536. Fyuzi ni 8536. Baza 8531. Kristali ya saa kwa bodi ni 8541.60. Skrubu za chuma hata ziwe ndogo aje na hata ziwe za kufunga bodi ya simu ziko 7318, hazifiki hata karibu na sura ya 85.

Skrini ndio imebadilika. Tangu 2022 kuna kichwa kipya 8524 cha moduli za displei bapa, iwe na tachi ama haina, ilimradi ni ya kuingizwa ndani ya kifaa kingine kabla ya kutumika, na maelezo ya sura yanakipa hicho kichwa nguvu juu ya vingine. Kwa hivyo skrini za kurepea simu ambazo zamani zilienda na spea za simu zinafaa kuangaliwa hapo kwanza. Lakini ikija na bodi ya kubadilisha ishara za video, yaani unachomeka HDMI na picha inatoka, imetoka kwa hicho kichwa, sasa ni kitu kilichokamilika zaidi.

Ukiandikiwa kwa entri kwamba ni spea na wewe unaamini ina kichwa chake, hoja yako usiianze na "lakini mwenzangu alilipa kidogo". Anza na maelezo namba 2 ya Sehemu ya XVI, taja kichwa, weka datashiti, ile karatasi ya mtengenezaji ya maelezo ya kitu, juu ya meza. Ofisa anayejua kazi yake atakusikiliza, nimeona ikitokea zaidi ya mara moja.

Dalili: bodi imekataliwa 8534

Kosa la kawaida sana, na linatokana na lugha yetu, sisi tunaita kila kitu bodi. 8534 ni ya saketi iliyochapwa tupu, ile ina njia za shaba na labda vitu vilivyochapwa pamoja nayo, basi. Ukishachomelea juu yake rizista na IC imetoka 8534 na sasa unauliza bodi inafanya nini. Nilileta mara moja bodi tupu 50 za inverta na bodi 10 zilizojazwa kwa kifurushi kimoja, zote zikaandikwa bodi, na ofisa alipofungua akakuta zilizojazwa juu, mzigo mzima ukahesabiwa hivyo. Hilo lilikuwa kosa la invoisi yangu. Siku hizi naandika "bodi tupu, haina komponenti" na natuma picha.

Kwa zile zilizojazwa uliza kazi. Bodi yenye rilei moja ya kuwasha na kuzima bado unaweza kuitetea kwa 8536, ukileta ile ya rilei nne inaelekea 8537, kwa vile hicho kichwa kinasema wazi ni bodi zenye vifaa viwili ama zaidi vya 8535 au 8536 kwa ajili ya kudhibiti umeme. PLC, zile kompyuta ndogo za kudhibiti mashine, nazo ziko 8537.10. Bodi ya pawa saplai inaangaliwa 8504. Bodi iliyo kompyuta kamili, ina prosesa, memori, unaweza kuipa programu yako ikaitekeleza, hiyo inajadiliwa 8471. Zile bodi ndogo za maikrokontrola za wanafunzi ndizo zenye ubishi mwingi, na kwa hizo sipendi kumwambia mtu namba kwa simu. Kusanya datashiti na uombe uamuzi mapema, nitafika hapo.

Na chipu yenyewe? Hapa sheria iko upande wa mwagizaji. Maelezo namba 12 ya sura ya 85, toleo la 2022, yanasema vitu vinavyotimiza maana ya 8541 na 8542 vinabaki huko hata kama kuna kichwa kingine kinachoweza kuvichukua kwa sababu ya kazi yao, ukitoa tu 8523 ya vitu kama memori kadi. Kwa hivyo IC ya amplifaya haiendi kwa amplifaya, inaenda 8542.33. Maikrokontrola tupu ni 8542.31, chipu ya memori 8542.32, na ambazo hazipati mahali 8542.39. Ofisa akikuambia "hii inatumika kwa redio basi ni spea ya redio", hayo maelezo ndiyo jibu.

Mpaka uko hapa: moduli ya waifai yenye bati la chuma juu, antena kwa kona, kristali na kapasita ndani, watu huiita chipu. Ni bodi ndogo. Ili ibaki 8542 lazima iwe mwili mmoja usiotenganishika kama IC, na nyingi za hizo haziko hivyo. Kazi yake ni kutuma na kupokea data, kwa hivyo inavutwa 8517.62. Tena ikishakuwa ya redio, Mamlaka ya Mawasiliano inaingia na mambo ya idhini ya kifaa, hiyo inaweza kushika mzigo hata namba ikiwa sawa. Nimeona mtu akibishana wiki nzima kuhusu HS na kumbe mzigo ulikuwa unangoja kibali.

Dalili: sensa zinarukaruka kati ya sura ya 85 na ya 90

Neno "sensa" halisemi kitu kwa forodha. Wewe unasema sensa ya joto, sawa, lakini ni gani? Kama ni themista tupu, yaani rizista inayobadilika na joto, iko 8533 na rizista zingine. Kama ni proba iliyokamilika ama kidude chenye displei kinachokusomea nyuzi, ni kipima joto, 9025. Kama kinasoma joto halafu chenyewe kinawasha na kuzima ili joto libaki mahali pamoja, hicho ni themostati, 9032. Kama ni chipu ya silikoni peke yake inabishaniwa ndani ya 8541 na 8542, toleo la 2022 liliweka 8541.51 kwa transdusa za nusu-kondakta. Vitu vinne, jina moja, na unaweza kuvipata vyote kwa duka moja pale Luthuli.

Kuna mfano naupenda wa kufundishia vijana wetu karakanani. LDR, ile ya mwanga, jina lake linasema ni rizista na ukiipima na mita inapima kama rizista. Kila mtu anaipeleka 8533. Lakini ni kifaa cha nusu-kondakta kinachohisi mwanga, na maelezo rasmi ya HS yanaiweka 8541. Ndio pale naposema jina sio kitu, angalia kitu kinafanya kazi kwa njia gani.

LED nayo ina ngazi zake. Dayodi tupu 8541.41, balbu yenye kitako cha kuingia kwa soketi 8539.52, taa kamili ya kuning'iniza darini 9405. Ukiandika "taa za LED" kwa mfuko wa dayodi tupu 5,000 umejipeleka mwenyewe kwa taa.

Dalili: kiti (kit, seti ya vifaa) imevunjwa vunjwa, ama vitu vyako vimeunganishwa kuwa kiti

Kiti za kufundishia, zile boksi zina bodi, rizista, waya, mota ndogo, sensa. Kanuni ya 3(b) ya kusoma HS inakubali seti ihesabiwe kama kitu kimoja, kwa kile kinachoipa tabia yake kuu, lakini kuna masharti: iwe na angalau vitu viwili vya vichwa tofauti, viwe pamoja kwa hitaji ama shughuli moja, na viwe vimefungwa tayari kumuuzia mnunuzi wa mwisho bila kufungwa upya. Hilo la tatu ndilo linaangusha watu. Ukileta bodi 100 kwa mfuko mmoja, waya kwa mfuko mwingine, na unapanga kuzipakia kwa boksi huku Nairobi, siku zinapoingia hizo sio seti. Kila kitu kinaenda kwake. Kinyume chake pia hutokea: inverta iliyofunguliwa ikaletwa vipande ili ionekane spea, kanuni ya 2(a) inaiona ni inverta, kwa sababu vipande vyote viko hapo na kuunganisha hakubadilishi kitu. Wanaofanya hivyo kwa makusudi siwatetei, wanatuharibia wote, baadaye kila mtu mwenye kontena la spea anafunguliwa mpaka screw ya mwisho.

Dalili: barua imekuja, na mzigo uliuza kitambo

Kutolewa kwa mzigo sio mwisho. Forodha wanaweza kurudi kukagua vitabu vyako, na sheria inakutaka uweke makaratasi miaka mitano. Wakiona namba ilikuwa si sahihi na ushuru ulilipwa pungufu wanadai tofauti, na riba ya asilimia 2 kwa mwezi juu yake. Miezi 30 ya riba ni asilimia 60, fikiria hiyo kwa mtu ambaye faida yake kwa rizista ni senti. Hapa ndipo ile tabia ya kuanza na asilimia sufuri halafu kutafuta namba inayoifaa inakuja kuvunja biashara za watu. Nimeona duka likifungwa hivyo, mwenye duka hakuwa mwizi, alikuwa ameamini tu kila alichoambiwa na aliyempigia entri, na hakuwa na hata datashiti moja ya kuonyesha.

Ukipata barua: usikae nayo. Una siku 30 tangu tarehe ya uamuzi kuomba Kamishna aupitie upya, kwa maandishi, na sababu zako. Yeye naye ana siku 30 za kujibu, na sheria ya EAC inasema asipojibu ndani ya hizo inachukuliwa amekubali ombi lako. Ukikataliwa kuna tribunali ya rufaa za kodi, siku 45. Andika barua fupi: kitu ni nini, kimetengenezwa na nini, kinafanya nini, kichwa gani, maelezo gani ya sura yanakiunga mkono, datashiti imeambatanishwa. Kama unayo sampuli, peleka. Malalamiko ya vile uchumi umekuwa mgumu yaache nje, hayasongezi namba hata tarakimu moja.

Kwa kitu utakacholeta tena na tena, usingoje kushikwa. Kifungu cha 248A cha sheria hiyo hiyo kinakuruhusu kuomba uamuzi wa mapema kuhusu namba, kwa maandishi, kabla mzigo haujatoka kule, na uamuzi huo unawafunga. Wengi hawajui hii iko. Sisi tuliamua kuifuata kwa bodi zetu za maikrokontrola kwa vile kila safari zilikuwa zinapata namba tofauti kutegemea nani yuko zamu, na huwezi kupanga bei ya kuuza kama hujui ushuru.

Invoisi ninayomwomba muuzaji

Nimeacha hii mwisho kwa sababu ndio dawa ya nusu ya hayo yote. Kila mstari uwe na: jina halisi la komponenti, aina yake, vipimo vinavyoamua kichwa kidogo, kama ni tupu ama imejazwa, namba ya mtengenezaji, idadi, bei. Kwa mfano kapasita, usikubali "kapasita" peke yake, iwe "kapasita ya elektroliti ya aluminiamu, 470 µF, 25 V", hapo mtu anaona 8532.22 bila kuuliza, na ile ya seramiki ya tabaka nyingi iandikwe hivyo juu ni 8532.24. Transista iandikwe wati zake, kwa sababu chini ya wati 1 ni 8541.21 na kutoka hapo kwenda juu ni 8541.29. Rizista, wati pia, mpaka wa kichwa kidogo uko 20 W. Rilei, volti, mpaka ni 60 V. Betri, sema ya kuchaji ama ya kutumia mara moja, kwa sababu ya kutumia mara moja ni 8506. Mota ndogo, wati, 37.5 ndio mstari wa kwanza wa 8501.

Muuzaji akisema hana muda wa kugawa mistari yote hiyo, usibishane naye. Mtumie listi yako mwenyewe kwa ekseli, umeijaza kila kitu umeacha bei tu, yeye aweke bei, agonge muhuri, arudishe. Wa kwangu alilalamika mara mbili za kwanza, saa hii ndio yeye anaiomba kabla hajafunga boksi.